Eulalia Zepeda Rentería na Mazungumzo ya Alhamisi

Leo Jumamosi, tarehe 12 Oktoba 2024, tumekusanyika hapa Granger, katika Bonde la Yakima, kumsindikiza Eulalia Zepeda Rentería, ambaye wengi wenu hamkuwahi kumwita kwa jina lolote isipokuwa Mama Lala. Wasifu huu umeandikwa na mdogo wake wa mwisho, Fidencio, ukapitiwa na watoto wake watatu, ambao wamefuta mambo mawili na kuongeza moja.

Marehemu alizaliwa tarehe 12 Februari 1947 katika kitongoji cha El Tule, nje kidogo ya Jerez, jimbo la Zacatecas, nchini Meksiko. Ilikuwa sikukuu ya Mtakatifu Eulalia, kwa hiyo suala la jina halikujadiliwa na mtu. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya saba wa Mzee Anselmo Zepeda na Mama Micaela Rentería. Baba alikuwa amekwisha kuja mara nne huku kaskazini, ng'ambo ya mpaka, kwa mkataba wa vibarua, na Machi 1956 aliamua kuwa hatarudi tena peke yake. Familia nzima ilipanda basi na kushuka katika bonde hili, kwenye kambi ya wafanyakazi iliyokuwa ng'ambo ya mfereji. Majira ya kuchipua walikata mboga ya asparaga, kiangazi walifunga kamba za hopi, ule mmea wa kutengenezea bia, na vuli walichuma matufaha. Lala alikuwa na umri wa miaka tisa, na kisu chake cha asparaga alikinoa mwenyewe.

Septemba mwaka huohuo alianza shule ya msingi. Mwalimu wake, Bi Pruitt, alishindwa kutamka Eulalia, akaandika Lily kwenye daftari la mahudhurio. Kila asubuhi aliita "Lily", na kila asubuhi mtoto aliyekaa safu ya mbele kabisa alimtazama usoni bila kuitika. Kwa siku kumi na moja aliandikwa kuwa hakufika. Siku ya kumi na mbili mwalimu alikuja kambini kuonana na wazazi. Mama Micaela hakujua Kiingereza, na Bi Pruitt hakujua Kihispania. Mama alimkalisha mezani, akamwekea sahani ya maharage na tortila za mahindi za moto, akajigusa kifua na kusema, "Micaela." Kisha akamgusa mtoto kichwani, akasema, "Eulalia." Mwalimu akajaribu, akakosea. Mama akaivuta ile sahani kidogo kuelekea upande wake. Mwalimu akajaribu tena. Inasemekana siku ile Bi Pruitt alikula sahani mbili, na hakukosea tena jina lile hadi alipostaafu.

Mwaka 1962 Mzee Anselmo alianguka kutoka kwenye ngazi ya kuchumia matufaha, akaumia nyonga. Lala, aliyekuwa na miaka kumi na mitano, aliacha shule na kuingia katika banda la kufungashia matunda, akasimama mbele ya mkanda unaotembea kwa miaka kumi na mitatu. Hakulalamika, lakini hakusahau pia. Mwaka 1971 alianza masomo ya jioni, akamaliza sekondari, kisha akaendelea na chuo, somo moja moja, jinsi mtu anavyopanda ngazi akiwa amebeba mtoto. Mwaka 1981 alipata shahada ya ustawi wa jamii, na mwaka 1984, akiwa na umri wa miaka thelathini na saba, alipata shahada ya pili na leseni ya kutoa tiba ya mazungumzo. Asubuhi ya mahafali mumewe alijitolea kumpigia pasi joho, akaunguza mkono wa kushoto wa joho hilo. Ndiyo sababu katika picha iliyoko sebuleni Lala ameshika cheti kwa mkono mmoja, na mwingine ameuficha mgongoni kama afisa wa jeshi.

Mume huyo alikuwa Heriberto Quiroga, fundi wa rejeta za magari, mtu wa maneno machache. Walifunga ndoa tarehe 18 Juni 1966. Heriberto alimchumbia kwa muda wa miezi minane bila kulitaja jambo lenyewe, hadi Lala akamwuliza, "Heriberto, hivi unakuja hapa kwa ajili yangu au kwa ajili ya kahawa ya mama?" Heriberto akafikiri, akajibu, "Kahawa nimeizoea tayari." Walijaliwa watoto watatu: Maricruz, Anselmo na Odilia. Waliishi pamoja miaka arobaini na miwili, hadi Heriberto alipofariki tarehe 3 Mei 2009.

Sasa tuzungumzie kazi yake, na hapa tutakaa kidogo, kwa sababu wengi mliofika leo mmefika kwa ajili ya kazi hiyo.

Mwaka 1975 aliajiriwa mapokezi na ukalimani katika kliniki moja ndogo ya afya ya bondeni. Huko aliona jambo lililomkera kwa miaka tisa mfululizo. Watu wetu walikuja wakisema kichwa kinawauma, kifua kinabana, mishipa inawasumbua, usingizi umekimbia. Walipimwa, wakakutwa wazima, wakapewa vidonge, wakarudi nyumbani na maumivu yaleyale. Yeye aliyekuwa akitafsiri ndiye aliyesikia yaliyobaki mlangoni, mgonjwa akiwa ameshika kitasa: mtoto aliyeachwa kwa bibi huko Michoacán, mume aliyebadilika, ndugu aliyekufa jangwani. "Mambo yenyewe yanasemwa mlangoni," alimwambia Heriberto, "na mlangoni hakuna kiti."

Alipopata leseni, aliomba kuanzisha tiba ya kundi kwa Kihispania. Mkurugenzi wa kliniki, Dakta Harlan Strand, alikuwa mtu mwadilifu aliyesomea mbali na hapa, na alikuwa na kitabu. Kitabu kilisema viti vipangwe duara, kikao kianze saa kumi na moja kamili na kisizidi dakika tisini, pasiwe na chakula, wanakundi wasijuane nje, kila mmoja atie saini fomu, na mtaalamu aseme kidogo awaache watu waambiane ukweli usoni. Septemba 1986 zilitumwa barua kumi na mbili. Alhamisi ya kwanza walikuja watu watano, ya pili watatu, na ya tatu alikuja Bi Chayo peke yake.

Bi Chayo, yaani Rosario Bustos, alikuwa na miaka sitini na mitatu, mjane, mpishi wa tamale za unga wa mahindi, na mdomo wake ulijulikana bonde zima. Lala alimshukuru kwa kuja.

"Usinishukuru, mwanangu," alijibu Bi Chayo. "Mimi siumwi. Nimekuja kukusindikiza, maana wiki iliyopita nilikuona umekaa na viti kumi na viwili kama mtu aliyekimbiwa kwenye harusi yake."

"Kwa nini hawaji, Bi Chayo? Niambie kweli."

"Kweli kabisa? Usije ukalia."

"Sitalia."

"Mmetuita kwa barua. Nani anaita watu kwa barua? Barua inaita watu mahakamani. Mtu anatoka shambani na vumbi lake, anafika, hapewi hata maji. Anaonyeshwa kiti. Wewe unatazama saa. Halafu unamletea karatasi atie saini, na yeye hajui kama ile karatasi inaishia kwa uhamiaji. Halafu unamwuliza, kati ya hawa waliokaa hapa nani amekuudhi? Mwanangu, mimi nimeudhiwa na nani? Sijamjua mtu!"

Lala hakulia. Alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akaomba kalamu, akaandika yote.

Kesho yake alimwendea Dakta Strand na orodha. Mkurugenzi aliisoma polepole. "Hii si tiba, Eulalia," alisema. "Hii ni karamu." Lala akamjibu kwamba yeye anaweza kuiita apendavyo, mradi watu waje. Walibishana hadi saa ya chakula ikapita. Mwishowe Dakta akasema hivi: kundi lina muda hadi Krismasi. Likiwa na watu wanane wanaokuja kila wiki, litaendelea. Wasipofika wanane, litafungwa, na Lala atarudi kuona mgonjwa mmoja mmoja. Akaongeza kuwa wiki ya pili ya Desemba atakuja kujionea mwenyewe.

Lala alichukua pikapu ya Heriberto. Oktoba yote alizunguka kambi na vitongoji, nyumba kwa nyumba. Alisalimia kwanza wakubwa wa nyumba, akaulizia mama mkwe, akala alichopewa. Alieleza kwa mdomo, tena mbele ya familia nzima, kwamba yatakayosemwa hayatatoka nje, na kwamba fomu ni ya kliniki na inabaki kliniki. Alihamisha mkutano kutoka kliniki kwenda ukumbi mdogo wa parokia, saa kumi na mbili na nusu jioni, watu wakiwa wameshaoga. Hakuuita tiba. Aliuita mazungumzo ya Alhamisi. Nusu saa ya kwanza ilikuwa ya kusalimiana, kahawa ya mdalasini na mkate mtamu, na kila mtu alisema jina lake na alikozaliwa. Kazi ilianza baada ya hapo. Wale waliodhani ni karamu hawakuwahi kukaa mpaka saa mbili.

Katika mzunguko huo alifika nyumbani kwa Mzee Refugio Alcaraz, msimamizi wa shamba la hopi, mwenye umri wa miaka hamsini na minane. Tarehe 9 Mei mwaka ule mwanawe Ismael, kijana wa miaka kumi na tisa, alikufa trekta lilipopinduka kwenye ukingo wa mfereji. Tangu siku hiyo Mzee Refugio alikuwa amekwenda kliniki mara tano kwa maumivu ya kifua, na moyo wake ulikuwa mzima. Lala alipokuwa akiaga, mkewe, Bi Amparo, alimfuata hadi kwenye gari akiwa amebeba kitu kirefu kilichoviringishwa blanketi.

"Nitunzie hii," alisema. Ilikuwa bunduki ya kuwindia. "Juzi aliikalisha mapajani mchana kutwa. Nilimwuliza anafanya nini. Akasema anaisafisha. Hakuwa na kitambaa, Bi Lala. Hakuwa hata na mafuta."

Heriberto aliifungia bunduki hiyo karakanani kwake na kuvaa ufunguo shingoni pamoja na msalaba.

(Watoto wa marehemu wametaka iandikwe wazi kwamba mama yao hakuwahi kusimulia siri ya mtu, hata kwa mumewe, na kuhusu bunduki alimwambia tu, "Funga, usiulize." Hadithi hii ameisimulia Mzee Refugio mwenyewe kwa miaka mingi, kanisani na harusini, na familia yake imeturuhusu. Wengine wawili wanaotajwa hapa chini wapo kati yetu leo, nao wameomba majina yao yasifichwe.)

Mzee Refugio alianza kuja Alhamisi ya tarehe 23 Oktoba, ila aliweka mambo sawa mapema. "Mimi sina ugonjwa wowote," alisema. "Namleta mke wangu. Mimi ni dereva tu." Alikaa karibu na mlango, kofia juu ya goti. Lala hakumkaribisha kwenye duara. Alimwambia hita ya ukumbi inavuma, kama atakuwa na nafasi aiangalie. Wiki iliyofuata Mzee alikuja na bisibisi. Mzee akiwa amepiga magoti nyuma ya hita, Lala alichuchumaa kando yake, akamwuliza kwa sauti ya chini, "Mzee Refugio, nakuuliza kwa heshima zote. Unafikiria kujiua?"

Mzee alikaza skrubu. "Nafikiria mambo mengi," alijibu.

"Basi nitakuwa nakuja kwako kila Jumapili. Na Crescencio atapitia kwako kila asubuhi mwende kazini pamoja."

"Crescencio yule mropokaji?"

"Huyohuyo."

"Unataka nife haraka," alisema Mzee, na ilikuwa mara ya kwanza tangu Mei kusikika akitania.

Crescencio Ledesma alikuwa na miaka ishirini na sita, kibarua wa shamba lilelile, na kweli alikuwa haufungi mdomo. Kila asubuhi alifika, akapiga honi, akaongea njia nzima. Alhamisi sita zilipita. Kundi lilifikia watu tisa, na dereva wao mlangoni alikuwa wa kumi.

Alhamisi ya tarehe 11 Desemba Dakta Strand alikuja kama alivyosema. Alifuatana na mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, Bi Carolyn Voss, aliyejifunza Kihispania darasani na ambaye angemtafsiria. Kesho yake ilikuwa sikukuu ya Bikira wa Guadalupe, hivyo wanawake walikuwa wamechoka kwa kupika na nje theluji ilikuwa imeanza. Salamu zilipita, kahawa ikapita. Bi Chayo alimpa Dakta mkate, Dakta akaushika mkononi asijue kama kitabu kinaruhusu. Kisha Carolyn, kwa nia njema kabisa, akamgeukia mtu aliyekaa mlangoni. Alikuwa amesoma jalada lake.

"Refugio," alisema, "wewe ulijisikiaje mwanao alipokufa?"

Hakusema Mzee. Hakusema hata samahani. Alimwuliza kama mtu anavyomwuliza mtoto aliyeangusha sahani. Bi Amparo alifumba macho. Mzee Refugio aliinuka, akavaa kofia, akafungua mlango na kutoka. Wote walisikia mlango wa pikapu ukifungwa, lakini injini haikuwaka.

Kitabu kilisema mtaalamu haondoki kwenye duara. Lala alimtazama Dakta Strand, na Dakta alikuwa ameshaanza kutikisa kichwa kumkataza. Lala akasimama.

"Jamani," aliwaambia watu wake, "leo mkutano uko nje. Chukueni vikombe vyenu."

Watu tisa walitoka na kuizunguka pikapu kwenye theluji, mvuke ukipanda kutoka vikombeni. Mzee Refugio alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili. Kioo kilikuwa wazi kiasi cha kiganja.

"Nendeni ndani," alisema. "Mtaugua."

"Tutaugua pamoja," alijibu Lala. "Hatukuulizi kitu, Mzee wetu. Tumekuja kukaa na wewe."

Hata Crescencio alinyamaza, na baadaye alisema ilikuwa kazi ngumu kuliko kuvuna hopi. Kisha Mzee Refugio, akitazama mbele kwenye kioo kama mtu anayeendesha, akasema, "Ile trekta ilikuwa ya kwangu siku ile."

Walingoja.

"Mgongo ulikuwa unaniuma. Nikamwambia, Ismael, kamalizie ule mstari wa mfereji, mimi mgongo unaniuma. Akasema, baba, mimi nina miadi na binti fulani. Nikamwambia, binti atasubiri." Akakaza mikono kwenye usukani. "Mgongo tu. Si kitu kingine. Mgongo."

Bi Amparo aliweka mkono kwenye mlango wa gari. Miezi saba walikuwa wakilala kitanda kimoja naye alikuwa hajui.

Hakuna aliyemwambia si kosa lako. Lala alikuwa amewafundisha wasiharakishe kumfunika mtu. Aliyezungumza alikuwa Crescencio, na alizungumza taratibu, tofauti na siku zote. "Mzee, mimi kaka yangu nilimwacha Sonora, jangwani. Mguu ulikuwa umemvimba. Akaniambia, tangulia, nitakufuata. Na mimi nilijua hatafuata. Nilijua, Mzee, na nikatangulia." Akafuta theluji usoni. "Ndiyo maana naongea sana. Nikinyamaza namsikia."

Mzee Refugio aligeuka kwa mara ya kwanza, akamtazama kijana aliyemchosha kila asubuhi. Alishusha kioo chote, akatoa mkono, akamshika Crescencio ukosi wa koti kama mtu anayemshika mwanawe asianguke. Wakalia hivyo, mmoja ndani ya gari na mwingine nje, na wengine wakasogea zaidi ili wazuie upepo.

Hapo ndipo Dakta Strand alipotoka ukumbini. Carolyn alimfuata nyuma, macho mekundu, na wote wawili walikuwa wamebeba makoti ya watu. Dakta hakuelewa hata neno moja kati ya yaliyosemwa, na Carolyn hakumtafsiria. Dakta alimvisha kila mtu koti, mmoja baada ya mwingine, mengine akakosea wenyewe.

Aliyemaliza mambo alikuwa Bi Chayo. "Mzee Refugio," alisema, "nakuheshimu sana, ila miguu yangu imekufa ganzi na mimi ndiye mwenye tamale za kesho. Twende ndani." Mzee akashuka. Aliingia ukumbini, akavuta kiti kutoka mlangoni na kukiweka kwenye duara. Kabla ya kukaa, Carolyn alimwendea, akamwambia kwa Kihispania chake cha darasani, "Mzee Refugio, naomba unisamehe." Mzee akamjibu, "Kaa, binti. Kahawa ipo."

Asubuhi yake Dakta Strand alimwita Lala ofisini.

"Eulalia, jana umevunja kanuni nne."

"Tano, Dakta. Nilimpa Bi Chayo soksi zangu."

Dakta akasema, "Andika ulichofanya. Hatua kwa hatua, na sababu zake. Naweza kulifunga kundi lingine lolote, lakini si hili."

"Nitaandika," alisema Lala. "Ila sitaandika kama mtu anayeomba radhi."

Aliandika kurasa kumi na tisa kwenye meza ya jikoni, na kwa miaka ishirini na sita iliyofuata alifundisha kwazo. Wanafunzi walikuja kutoka majimbo mengine, wakidhani watapewa nadharia, wakapelekwa kwanza kumenya mahindi kwa Bi Chayo. Alikuwa mwalimu mkali. Aliwaambia: toka nyuma ya meza, sema jina lako na la mji wa mama yako, ukipewa chakula kula, mkubwa mpe ukubwa wake, na usidhani mtu anayesema kifua kinambana anakudanganya. Lakini pia aliwafokea waliodhani mkate na kahawa vinatosha. "Nyie mnakaribisha wageni vizuri sana," aliwahi kuwaambia wawili fulani. "Sasa lini mtafanya kazi?" Carolyn Voss alirudi baada ya kuhitimu, akaongoza makundi pamoja naye kwa miaka kumi na tisa.

Marehemu alisisitiza kosa lake kubwa lisiachwe nje ya wasifu huu. Mwaka 1993 alimpokea katika kundi mama mmoja ambaye hatutamtaja, aliyekuwa akipigwa na mumewe. Lala aliamini kwamba watu wetu hupona wakiwa na ndugu zao karibu, akamweka kundi moja na binamu wa mume. Yule mama alikaa majira yote ya baridi akitabasamu na kusema nyumbani ni salama. Machi alihama bonde usiku mmoja na watoto, mkono wake ukiwa umevunjika. Lala hakujitetea. Alisimama mbele ya wafanyakazi wenzake akasema, "Nilikuwa najivunia kuwajua watu wangu. Yule mama sikumjua. Nilijua kabila lake tu." Mwezi uleule alianzisha kundi la wanawake la Jumanne, lenye mlango wake na dereva wake, na tangu hapo alimwuliza kila mtu faraghani, kabla ya yote, ni nani asingependa kumkuta ndani. Lala alimtafuta yule mama mpaka akampata, mwaka 1995, huko Oregon. Alimwomba msamaha. Mama alimpa msamaha huo, lakini hakurudi, na Lala alisema hiyo pia ni haki yake.

Alistaafu Juni 2012, akaendelea kuja kila Alhamisi kama mpika kahawa.

Mwaka 2021 figo zake zilianza kushindwa kazi. Mara tatu kwa juma alikwenda kusafishwa damu mjini Yakima. Viti vya huko vilipangwa mstari mmoja, wagonjwa wote wakitazama ukutani, na wiki ya kwanza tu aliwauliza wauguzi kama haiwezekani kuvigeuza. Walimweleza habari za mirija na mashine. Alisema ameelewa. Wiki ya pili alianza kuuliza kwa sauti kubwa, kutoka kiti cha kwanza, "Wewe wa mwisho kule, jina lako nani, na umezaliwa wapi?" Kufikia Pasaka watu kumi na wanne waliokuwa hawajuani walikuwa wanagombana kwa upendo kuhusu pilipili za majimbo yao.

Agosti mwaka huu daktari alisema moyo nao umechoka. Marehemu aliomba kurudi nyumbani. Siku chache kabla ya kuondoka alitembelewa na Yesenia Olvera, aliyemfundisha mwenyewe na ambaye sasa anaongoza kundi. Yesenia alipiga magoti kando ya kitanda akilia.

"Mama Lala, na nisipoweza?"

"Watakuja uweze usiweze," alijibu Lala. "Kwa hiyo fungua mlango, uwashe hita."

"Nitawaambia nini?"

"Wewe tena? Miaka sita nimekufundisha kunyamaza!"

Alifariki dunia Jumapili tarehe 6 Oktoba 2024, saa nne na dakika ishirini asubuhi, nyumbani kwake, watoto wake watatu wakiwa wamemshika. Alikuwa na umri wa miaka sabini na saba.

Ameacha watoto watatu, Maricruz, Anselmo na Odilia, wakwe wawili, wajukuu saba, kitukuu mmoja, Itzel, mwenye miezi minne, na ndugu wawili, Herlinda na Fidencio. Ameacha pia Bi Amparo Alcaraz, mjane wa Mzee Refugio, aliyetimiza miaka tisini na mmoja na ambaye leo amekaa safu ya kwanza pamoja na familia, kwa sababu marehemu aliagiza hivyo, Carolyn Voss, na Crescencio Ledesma, aliyeomba kusema machache baada ya wasifu huu, nasi tumempa dakika tano ingawa tunamjua.

Yesenia anatangaza kwamba Alhamisi ijayo kundi halitaahirishwa.

Dada yetu amefika. Mungu amkaribishe, amwite kwa jina lake lote, na udongo wa bonde hili umlalie taratibu.